Kuzimwa kwa AOL na hadithi ya ubao wa Chicago inayosimuliwa kombo

Tarehe 30 Septemba 2025 kampuni ya AOL ilifunga huduma yake ya kuingia intaneti kwa kupiga simu, na tanzia zikamiminika. Karibu zote zilikwenda kwa wimbo mmoja: modemu, kile kifaa cha kupitisha data za kompyuta kwenye waya wa simu, ilikoroma na kulia, picha ikafunguka taratibu mstari kwa mstari, kisha ikaja intaneti ya kasi na ule uzee ukafa kifo chake cha kawaida. Baadhi ya waandishi walirudi nyuma zaidi, hadi mwaka 1978, wakaitaja CBBS, ubao wa matangazo wa kompyuta uliowekwa Chicago na Ward Christensen na Randy Suess, ambao watu waliupigia kwa modemu ili kusoma na kuacha ujumbe. Wakaupanga mwanzoni mwa ukoo mmoja: ubao ndio babu, AOL ndiye mwana, na simu iliyo mfukoni mwako leo ndiye mjukuu. Kinachobadilika katika ukoo huo, kwa maelezo yao, ni kasi tu.

Ukoo huo haupo. Ubao wa Chicago ulikuwa mashine iliyokaa ndani ya nyumba ya mtu, haikuunganishwa na mashine nyingine yoyote, na ilipokea simu moja kwa wakati. AOL ilikuwa kampuni yenye kompyuta zake kuu, ikiuza saa za kukaa ndani ya uwanja wake. Zote mbili zilipita kwenye waya wa simu, kama daladala na gari la zimamoto zinavyopita barabara moja. Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba tabia zote tunazozihusisha na ubao huo na mbao nyingine zilizouiga, yaani ufupi wa maandishi, adabu ya kupeana zamu, ujirani wa wanaokutana humo, na madaraka makubwa ya mwenye mashine, chanzo chake hakikuwa udogo wa kasi. Zilizaliwa na mambo mawili ya kawaida kabisa: bei ya simu, na ukweli kwamba laini ilikuwa moja. Hilo lina uzito leo, kwa sababu wapo wanaohimiza turudi kwenye seva ndogo zinazoendeshwa na watu binafsi, na wengi wao wanaikumbuka historia hii kwa picha isiyo yake.

Tuanze na vifaa, maana ndivyo vinavyoonyesha kwa nini jambo lilitokea 1978 na halikutokea 1968. Hadi mwaka huo wa 1968 kampuni ya simu ya Marekani ilikuwa na uwezo wa kumzuia mteja kuunganisha kwenye laini yake kifaa chochote kisicho cha kampuni. Uamuzi wa tume ya mawasiliano, FCC, katika shauri la Carterfone ndio uliovunja ukuta huo, na katikati ya miaka ya 1970 zikafuata kanuni za kusajili vifaa ili vichomekwe moja kwa moja ukutani. Kabla ya hapo modemu ya mtu wa kawaida ilikuwa kisanduku chenye vikombe viwili vya mpira ambamo mkono wa simu ulilazwa. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kuzungumza, lakini hakiwezi kupokea simu chenyewe. Lazima awepo mtu wa kuinua mkono wa simu na kuulaza. Ubao unaojihudumia usiku kucha hauwezekani bila modemu inayoisikia kengele, ikafungua laini, na baadaye ikaifunga. Modemu ya namna hiyo, iliyotengenezwa na D.C. Hayes kwa ajili ya kompyuta za S-100, aina ya kompyuta ndogo zilizoongezewa vifaa kwa kuchomeka kadi, ilikuwa imeshaingia sokoni. Prosesa ya 8080, ubongo wa kompyuta ndogo nyingi za wakati huo, ilikuwepo. Mfumo endeshi wa CP/M ulikuwepo, pamoja na diski laini za inchi 8. Na Christensen, aliyekuwa mfanyakazi wa IBM, alikuwa ameshaandika mwaka 1977 programu ya kurusha faili kwa modemu, akaitoa bure kwa yeyote aitakaye.

Kwa hiyo ile simulizi ya theluji, ambayo kila tanzia inaipenda, ina ukweli wake lakini imebebeshwa mzigo usio wake. Ni kweli kwamba Januari 1978 theluji kubwa iliwafungia watu majumbani Chicago, na ni kweli kwamba katika siku hizo Christensen alimpigia simu Suess wakakubaliana kujenga kitu. Wote wawili walikuwa wanachama wa CACHE, chama cha wapenzi wa kompyuta wa eneo la Chicago, na wazo walilolichukua lilikuwa la ubao wa kizibo ambao watu hubana kadi kwa pini: natafuta mtu wa kuchangia safari, nauza kadi ya kumbukumbu. Suess alishughulikia vyuma, Christensen akaandika programu kwa lugha ya asembli ya 8080. Christensen mwenyewe alieleza baadaye kwamba kazi ilikwisha ndani ya wiki mbili, ila walitangaza mwezi mzima kwa kuwa wiki mbili hakuna ambaye angeziamini. Ndiyo maana tarehe rasmi ni 16 Februari 1978. Theluji iliwapa muda. Uamuzi wenye uzito ulikuwa mwingine: hawakuipeleka kazi hiyo kwenye kamati ya chama. Mashine ikawa ya watu wawili, nyumbani kwa mmoja wao, na lawama zake zikawa na anwani.

Ndani yake mambo yalikwenda hivi. Simu ikilia, modemu iliishtua kompyuta, nayo ikaanza upya kabisa na kusoma programu kutoka kwenye diski kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa. Kwa macho ya leo huo ni upotevu wa sekunde. Lakini prosesa ile haikuwa na kinga yoyote ya kumbukumbu. Baiti moja, yaani nafasi ya herufi moja, iliyokaa vibaya ilitosha kuigandisha mashine, na mwenye nyumba akiwa kazini laini ingebaki imefunguka hadi jioni. Kuanza upya kwa kila simu kulimaanisha kwamba kosa lolote liliishi muda wa simu moja tu. Mpigaji alibonyeza kitufe cha kurudi mara kadhaa ili mashine itambue kasi yake, ama biti 110 kwa sekunde au 300, kisha akafanya kazi kwa herufi mojamoja: E kuandika ujumbe, S kuona muhtasari, R kuusoma, K kuufuta, G kuaga. Herufi ninayoipenda zaidi ni N. Hiyo iliiambia mashine iongeze herufi tupu mwishoni mwa kila mstari, kwa sababu wapigaji wengi hawakuwa na skrini. Walikuwa na mashine za kuchapa za teletaipu, na kichwa cha kuchapia kilihitaji muda wa kurejea upande wa kushoto. Bila herufi hizo tupu, herufi mbili tatu za kwanza za mstari unaofuata zilichapwa hewani kichwa kikiwa bado njiani. Aliyeandika programu ile aliwajua wageni wake hadi mwendo wa vyuma vyao.

Sasa tupige hesabu, maana hapo ndipo hoja ilipo. Biti 300 kwa sekunde ni herufi 30 kwa sekunde, kwani kila herufi hubebwa na biti kumi, pamoja na ile ya kuanzia na ya kumalizia. Skrini iliyojaa, mistari 24 ya herufi 80, huchukua sekunde 64. Ujumbe wa herufi 500, ambao ni aya ya kutosha, huchukua sekunde 17 kusomwa, na mtu wa kawaida anausoma kwa kasi hiyohiyo au polepole zaidi. Kwa maneno mengine, kasi haikuwa kikwazo kikubwa kwa jambo ambalo ubao ulikusudiwa kulifanya. Kikwazo kilikuwa zamu. Ikiwa kila mpigaji anakaa dakika 20, laini moja isiyopumzika usiku na mchana inahudumia watu 72, basi. Wa 73 anasikia mlio wa kwamba laini ina mtu. Na diski laini ya kawaida ya inchi 8 ya wakati huo, yenye njia 77, vipande 26 kwa kila njia na baiti 128 kwa kila kipande, hubeba baiti 256,256. Ukiipa nafasi yote jumbe za herufi 500, hazifiki 520, na nafasi yote huwezi kuzipa kwa kuwa programu nayo inataka pake. Ndiyo maana kufuta ulikuwa wajibu, na aliyeacha tangazo la kitu alichokwisha kuuza alionekana mchafu kama mtu anayeacha vyombo kwenye sinki la wote. CBBS ilipokea katika maisha yake zaidi ya simu 250,000. Kwa dakika 20 kwa kila mtu, hiyo ni karibu miaka tisa na nusu ya laini isiyolala hata saa moja.

Laini moja ilikuwa na maradhi yake, na kila aliyeendesha ubao baada ya CBBS aliyajua kwa majina. La kwanza ni mpigaji anayekata ghafla. Modemu hupoteza mawimbi ya upande wa pili, na programu isipokuwa inayachungulia kila mara, ama inabaki imeng'ang'ania laini au, baya zaidi, mpigaji anayefuata anajikuta ndani ya kikao cha aliyetangulia, akiwa na jina na ruhusa za mwenzake. La pili ni mtu wa nyumbani anayeinua simu ya chumba kingine; sauti yake inaingia kwenye mawimbi na skrini inajaa mabano na vistari visivyo na maana. La tatu lilikuja simu zilipoanza kutoa mlio wa kuarifu kwamba kuna mwingine anapiga: mlio huo mfupi ulitosha kuikata modemu, na wapigaji wa Marekani wakajifunza kubonyeza *70 kabla ya namba ili kuuzima. Kwa waliotaka kupiga kuvuka bahari kulikuwa na la nne. Modemu za Marekani za biti 300 zilifuata kanuni ya Bell 103, ambapo anayepiga hutumia milio ya hezi 1070 na 1270 na anayepokea hutumia 2025 na 2225. Za Ulaya zilifuata V.21, yenye 980 na 1180 kwa anayepiga, 1650 na 1850 kwa anayepokea. Laini ingeweza kuwa safi kama maji ya mtungi na bado mashine mbili zisielewane.

Dawa ya mikwaruzo ya laini, angalau kwa faili, ilikuwa ile programu ya Christensen ya 1977, ambayo kanuni yake ilikuja kuitwa XMODEM. Inafaa kuieleza kwa kina kwa sababu ndani yake mna falsafa nzima ya mbao. Anayepokea ndiye anayeanza: anatuma baiti ya kusema sijapata, yenye thamani 21. Anayetuma anajibu kwa kipande cha baiti 132: moja ya kuashiria mwanzo, moja ya nambari ya kipande, moja ya 255 toa nambari hiyo, 128 za faili lenyewe, na moja ya jumla. Jumla ni kujumlisha baiti zote 128 na kubakisha biti nane za chini. Ikilingana, mpokeaji anatuma 6, yaani nimepata. Isipolingana anatuma 21 na kipande kinarudiwa. Nambari ya kipande ina kazi yake: jibu la nimepata likipotelea njiani, mtumaji atarudia kipande kilekile, na mpokeaji ataona nambari ni ileile, atakitupa na kujibu tena bila kukiandika mara mbili. Idadi ya 128 haikutoka angani, ndiyo ukubwa wa kipande kimoja cha diski chini ya CP/M. Kwa kasi ya 300 kila kipande huchukua sekunde 4.4, na programu ya kilobaiti 16 huchukua karibu dakika tisa na nusu kabla hujahesabu muda wa kungojea majibu.

Ilikuwa na mapungufu, na mapungufu yenyewe yanafundisha. Jumla ya biti nane haioni baiti mbili zilizobadilishana nafasi, wala kosa la kuongeza moja huku na kupunguza moja kule. Ndiyo maana baadaye iliongezwa njia ya hesabu ya biti 16 iliyo makini zaidi. Baiti moja tu ya kusitisha, thamani 24, ingeweza kuzaliwa na mkwaruzo na kuua safari nzima. Jina la faili halikutumwa, kila upande uliliandika kwa mkono. Kipande cha mwisho kilijazwa baiti za 26 hadi zitimie 128, hivyo faili lisilotimia vipande kamili liliongezeka ukubwa kidogo lilipohama. Na laini iliyowekwa biti saba pamoja na biti ya ukaguzi haikuweza kupitisha programu, kwa sababu biti ya nane ilikuwa imeshashikwa. Lakini kanuni hiyo ingeweza kuandikwa upya na kijana yeyote mwenye subira ndani ya siku mbili, kwa mashine yoyote, bila kumwomba mtu ruhusa. Iliandikwa kwa ajili ya mashine mbili zilizo sawa, kila moja na mwenyewe.

Narudi kwenye bei. Ubao uliwekwa nyumbani kwa Suess, ndani ya jiji la Chicago, wala haukuwekwa kwa Christensen aliyekaa kitongojini, kwa sababu wakazi wa Chicago wangeufikia bila gharama za simu za mbali. Jambo hilo dogo la ushuru wa simu lilichora mpaka wa jamii nzima. Katika sehemu nyingi za Marekani simu ya jirani ilikuwa bure au senti chache hata ukae saa nzima, na ya mji wa mbali ilihesabiwa kwa dakika. Mbao zilipoenea baada ya Christensen na Suess kueleza kazi yao katika jarida la Byte la Novemba 1978, kila mji ulipata zake, na waliokutana ubaoni ni watu ambao wangeweza kukutana pia kwenye mgahawa. Ujirani ule unaosifiwa leo ulichorwa na orodha ya bei ya kampuni ya simu. Na wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa namna bei inavyozaa desturi: kubip kumezaliwa hivyohivyo. Kwa kweli mbao nyingi za mwanzo zilikuwa na kubip kwake. Mwenye ubao asiyemudu laini ya pili aliitumia laini ya nyumba. Aliyetaka kuongea na watu alipiga kawaida, na aliyetaka kompyuta alipiga, akaacha ilie mara moja, akakata, kisha akapiga tena ndani ya dakika moja. Mashine ilihesabu milio na kujua kama ni zamu yake kupokea au ni ya mama mwenye nyumba.

Upo upinzani wa aina mbili tatu ambao lazima upewe haki yake. Wa kwanza unasema CBBS haikuwa ya kwanza, hivyo kuipa uzito huu wote ni kuiba sifa. Ni kweli kwamba mwaka 1973, Berkeley, mradi wa Community Memory uliweka teletaipu ndani ya duka la santuri la Leopold's, ikiunganishwa kwa modemu ya biti 110 na kompyuta kubwa ya SDS 940 huko San Francisco, na watu wakaanza kuacha matangazo ya wanamuziki na ya usafiri. Ni kweli pia kwamba mfumo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois ulikuwa na majadiliano ya maandishi mwaka huohuo. Upinzani huu ni mzito na naukubali kwa upande wa wazo: ubao wa maandishi ulishakuwepo. Nisichokubali ni kwamba ni kitu kilekile. SDS 940 ilikuwa mashine ya taasisi, na PLATO ilihitaji chuo kikuu nyuma yake. Huwezi kurudi nyumbani Jumamosi ukaanzisha PLATO yako. CBBS ulionyesha kwamba mtu mmoja mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuwa na ubao, na mwingine wa mji wa jirani anaweza kuiga bila kumjulisha.

Upinzani wa pili ndio dhaifu kuliko yote, na bahati mbaya ndio uliojaa kwenye tanzia za AOL: eti mbao zilikufa kwa sababu zilikuwa za polepole, na wavuti ukashinda kwa kasi. Tazama mwaka 1996. Aliyepiga ubao wa jirani na aliyepiga kampuni ya intaneti walikuwa na modemu ileile ya biti 28,800, kwenye waya uleule, wakisikia mlio uleule. Kama kuna aliyekuwa na kasi zaidi ni wa ubao, kwa sababu ubao ulituma maandishi matupu na wavuti ulituma picha. Kilichobadilika ni maana ya simu moja. Hapo mwanzo simu moja ya jirani ilikufikisha kwenye nyumba moja. Sasa simu ileile ya jirani ilikufikisha kwenye mashine zote duniani, na bei ya umbali ikayeyuka ndani ya ada ya mwezi. AOL yenyewe ni ushahidi. Iliwatoza watu dola 9.95 kwa saa tano za mwezi na dola 2.95 kwa kila saa ya ziada. Desemba 1996 ikageukia ada moja ya dola 19.95 bila kuhesabu saa, na wiki chache baadaye laini zake zikajaa hadi wateja wakawa wanapiga usiku kucha wakisikia mlio wa bize. Modemu hazikubadilika mwezi huo. Bei ndiyo iliyobadilika, na umati ukaifuata.

Wa tatu unatoka upande wa marafiki, wale wanaosema mbao zilikuwa na utu ambao majukwaa makubwa hayana, hivyo tuzirudishe. Nina huruma na hoja hii, lakini inasahau nusu ya mambo. Mwenye ubao alikuwa mfalme. Alisoma kila kitu akitaka, ujumbe wa siri ukiwemo, alifuta bila kueleza, na hapakuwa na mahali pa kukata rufaa zaidi ya kupiga namba nyingine. Diski ikiungua, kumbukumbu za miaka ziliungua nayo. Akihama nyumba, akioa, akichoka na bili, jamii nzima ilibaki na namba isiyopokelewa. Kilichozuia ufalme huo usigeuke udhalimu ni kwamba kuanzisha ubao mwingine kulikuwa rahisi na wapigaji walikuwa na namba ishirini za kuchagua ndani ya mji uleule. Palipokuwa na ubao mmoja tu, utu ule ulitegemea tabia ya mtu mmoja.

Mtihani wa kweli wa nadharia yangu ya bei na laini ni FidoNet, mtandao wa mbao zilizopigiana simu. Mwaka 1984 Tom Jennings, aliyekuwa San Francisco na aliyekuwa ameandika programu ya ubao iitwayo Fido, na John Madill aliyekuwa Baltimore, upande wa pili wa bara, waliziwezesha mashine zao kupigiana zenyewe na kubadilishana barua. Walifanya hivyo usiku wa manane kwa sababu ndipo simu za mbali zilipokuwa rahisi. Ikatengwa saa moja ya usiku ambapo kila ubao uliwafungia wapigaji wa kawaida na kupokea mashine wenzake tu. Barua za siku nzima zilibanwa kuwa faili moja, zikarushwa kwa simu moja fupi. Kila ubao ulipewa anwani ya kanda, mtandao na nambari. Kanda ya 1 Amerika Kaskazini, ya 2 Ulaya, ya 5 Afrika. Katikati ya miaka ya 1990 mfumo huu uliokuwa na watu wa kujitolea tu ulikuwa na mbao zaidi ya 30,000. Utaona kwamba muundo wote, kuanzia saa ya barua hadi kubana faili, ni jibu kwa swali moja: nani analipa dakika?

Swali hilo ndilo lililoileta Fido huku kwetu, na hapa ndipo ile hadithi ya babu na mjukuu inapoporomoka kabisa. Mapema miaka ya 1990, mtandao wa ESANET, uliofadhiliwa na shirika la IDRC la Kanada, ulitumia teknolojia ya Fido kuunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Mtandao wa afya wa HealthNet ulifanya hivyo kwa madaktari, na mashirika ya kiraia yalihudumiwa kwa njia hiyohiyo, huku GreenNet ya London ikiwa lango lao la kuingia barua pepe za dunia. Mara nyingi London ndiyo iliyopiga, kwa kuwa dakika moja kutoka Uingereza ilikuwa nafuu kuliko dakika ileile kutoka huku. Hesabu yake ni hii: modemu ya biti 2,400 hupitisha herufi 240 kwa sekunde, yaani 14,400 kwa dakika; maandishi yakibanwa hupungua hadi nusu au chini zaidi, kwa hiyo dakika moja ya simu ya kimataifa ingeweza kubeba barua fupi thelathini au hamsini. Kanuni za kurusha faili za wakati huo, kama ZMODEM ya Chuck Forsberg ya 1986, zilikuwa na uwezo ambao XMODEM haikuwa nao: simu ikikatika katikati, ilipopigwa tena faili liliendelea pale lilipoishia. Kwa laini zinazokatika kila dakika tano, uwezo huo ulikuwa na thamani kuliko kasi yoyote. Mtandao uliotaka mtumiaji awe hewani muda wote ungeshindwa siku ya kwanza. Uliofaulu ni ule uliorithi mawazo ya ubao: andika nje ya laini, panga foleni, piga kwa ufupi, kata.

Kwa hiyo anayetaka leo kuanzisha seva ndogo ya jamii, iwe ya mtaa, ya wanafunzi au ya wakulima wa kahawa, ana la kujifunza kutoka Chicago, ila halimo kwenye mlio wa modemu. Kwanza aulize ni nani anayelipa kwa kila ujumbe na kwa kipimo gani. Kampuni zetu za simu huuza bando la WhatsApp peke yake kwa bei ya chini kuliko bando la kawaida, na hapo mpaka wa baraza umeshachorwa, kama ushuru wa simu ulivyochora wa Chicago. Seva iliyo nje ya mpaka huo, hata iwe nzuri kiasi gani, ni sawa na namba ya mbali. Pili, aulize jirani yake anaweza kuinakili kwa muda gani. Ikihitaji fundi mmoja anayeielewa peke yake, huo ni ufalme bila mbao ishirini za kuchagua. Tatu, ahesabu laini kabla ya kuhesabu kasi: ni watu wangapi kwa wakati mmoja, diski ikijaa nini kinafutwa na nani anafuta, mtu akikatika katikati mashine inajuaje.

Suess alifariki 2019 na Christensen Oktoba 2024, mwaka mmoja kasoro kabla ya AOL kukata laini zake. XMODEM bado imo ndani ya vifaa vingi vidogo vya mtandao, kwenye ile sehemu ya kuwashia ambayo fundi huifikia kwa waya wa siriali pale programu kuu inapoharibika. Fundi anachomeka waya, anachagua faili, na upande wa pili unatuma 21 kusema sijapata, ukingoja kipande cha kwanza cha baiti 128.